Siki ya Chunxiang

Geng Laifu hakugusa chakula kabla ya kunawa, hata kama chakula chenyewe ni karanga chache alizotiliwa mfukoni njiani. Angeziacha mfukoni, azunguke kutafuta bomba, atafute ndoo, na watu wa Shilipo wakimcheka. Walisema ni maringo ya watu wa jukwaani. Kumbe lilikuwa neno la mkewe, na mkewe alikuwa udongoni tangu mwaka ule wa mvua ya mawe.

Ujanani Laifu alikuwa mpakaji wa nyuso za waigizaji katika kikundi cha michezo ya kuimba cha wilaya. Kwa mistari michache myeusi alimfanya muuza makaa kuwa jenerali, na kwa unga mweupe alimfanya mtu mpole kuwa msaliti. Kikundi kilipokosa watazamaji kikavunjwa, naye akarudi nyumbani na kisanduku chake cha rangi. Akaishi kwa kuandika vibao vya maduka na kuchora maua ya peoni kwenye makabati ya maharusi. Lakini mwenye brashi kijijini kwetu haikwepi kazi moja: kumpaka baba mkwe.

Kwetu kijana akioa, anayetaniwa si yeye tu. Baba yake ndiye ngoma yenyewe. Vijana humkamata asubuhi, wakampaka uso kama mpumbavu wa jukwaani, wakamvika kofia ndefu ya karatasi, wakamtia mkononi reki ya kuvutia majivu jikoni. Reki hiyo ni tusi, kila mtu analijua: mzee wa reki ni mzee anayemtamani mke wa mwanawe. Kisha bibi harusi hupandishwa mgongoni kwake, naye humbeba kuzunguka ua, huku akiulizwa maswali ambayo mwenye haya hawezi kumwuliza hata mbwa. Mama mkwe naye hutundikwa chupa ya siki shingoni, maana kwetu siki ndicho kinywaji cha wivu, na siku hiyo lazima aonekane anamwonea wivu mkwewe. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Asiyecheka ndiye mwenye kosa.

Laifu ndiye aliyeongeza ulimi. Kabla yake walipaka masizi tu. Siku moja, amekunywa kidogo na anataka kusifiwa, alimchorea mzee mmoja ulimi mwekundu unaoning'inia kutoka mdomo wa chini hadi kooni, akaupaka mafuta ya nguruwe ili ung'ae kama umelowa. Ua mzima uliangua kicheko. Tangu siku hiyo hakuna baba mkwe wa bonde lile aliyekosa ulimi. Walikuja kumwita kutoka vijiji vya mbali: "Mwalimu Geng, twende ukatuchoree ulimi." Naye alikwenda.

Aliporudi, nguo zikinuka pombe ya mtama, Chunxiang alimtazama mikono.

"Nawa," alisema.

"Nimeshanawa kule."

"Nawa tena. Kwa maji yangu."

Hakutoa sababu, wala mumewe hakuuliza, kwa kuwa aliijua. Siku aliyoolewa Chunxiang, vijana walijifungia naye chumbani wakamfinya, mikono, mapaja, kila penye nyama, kwa zamu, wakiimba. Laifu alikuwa nje ya mlango, ameshikiliwa na wengine, akicheka kama bwana harusi anavyotakiwa acheke. Alama zile zilikaa mwilini mwa mkewe siku nyingi, kwanza za zambarau, kisha za manjano kama chai iliyolala. Mmoja wa wale wafinyaji alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Mpaka anakufa, Chunxiang alikuwa akimsalimia kwa ncha ya kidevu.

Mtu mmoja tu aliwahi kukataa. Hou Genwang, mchoma matofali, siku mwanawe alipooa alisimama mlangoni na koleo lake akasema mkwewe hatapanda mgongo wa mtu. Hawakumpiga, hawakumtukana. Waliondoka kimya. Kufikia jioni kila nyumba ilikuwa na swali moja: kama hakuna kitu, mbona amekasirika hivyo? Aliyeliuliza kwanza alikuwa Laifu, akisuuza brashi zake zisizotumika. Swali likamfuata yule binti bombani, likamfuata dukani, likamkalia kitako nyuma ya dirisha, hadi siku alipofunga mizigo akaondoka na mumewe wasirudi. Genwang alibaki na nyumba ya matofali mazuri na bakuli moja mezani. Ndivyo mtego wetu ulivyo. Ukikubali, umechafuka. Ukikataa, umekiri.

Tumbo lilipoanza kumla Chunxiang, alikaa juu ya kitanda cha udongo, moto ukipita chini yake, akatarizi soli za kuweka ndani ya viatu, bata wawili kila jozi, alama ya mke na mume. Zilikuwa za mkwe ambaye bado hajapatikana. Kwa kuwa hakujua mguu wa binti huyo utakuwaje, alishona ndogo, akashona za kati, akashona kubwa.

"Akija," alimwambia mumewe, "siku atakapokuita Baba, mpe hizi achague. Na uwe umenawa."

Baada ya mazishi Laifu alikiweka kisanduku cha rangi juu ya kabati akatangaza kwamba macho yake yameharibika. Watu walimwonea huruma. Hakuwaambia kwamba macho yake ni mazima na kwamba kilichoharibika kiko chini zaidi. Ulikuwa uoga, na aliujua, na aliunusa kila alipowaona vijana wengine wakiuchora ulimi wake kwa masizi na sosi ya soya.

Mwanawe Ruifeng alikuwa akifanya kazi kiwandani kusini, na vuli moja alirudi na mchumba. Nong Yuelan alikuwa mtu wa milima ya Guangxi, mfupi, mwenye macho ya kucheka, anayetafuna pilipili mbichi kama sisi tunavyotafuna vitunguu. Kitu cha ajabu kwake kilikuwa baridi yetu. Alikaa wiki chache, akasaidia kumenya matunda ya persimoni ya kuanika, na mchana mmoja akamkuta Laifu akichora peoni kwenye kabati ambalo lingekuwa lake.

"Mjomba, ua hili lina homa."

"Homa gani?"

"Limevimba mashavu. Lipe maji."

Laifu alicheka, kitu ambacho nyumba ile ilikuwa imekisahau. Akamwachia brashi. Yuelan akachora peoni yake mwenyewe kwenye kona ya chini, ndogo, imepinda, na hadi leo iko pale.

Alimwita Mjomba kwa sababu ndivyo inavyopasa. Binti hamwiti mkwewe Baba mpaka siku ya harusi, ukumbini, akiwa na kikombe cha chai mikononi. Neno hilo hulisema mara ya kwanza mbele ya watu wote, na mzee huitikia, na hapo ndipo anapokuwa na binti. Laifu, ambaye hakupata kuwa na mtoto wa kike, alianza kulingoja neno hilo kama mgonjwa anavyongoja kupambazuke. Na kila alipolingoja, aliona mbele yake mpangilio wa siku yenyewe: kwanza ua, ndipo ukumbi. Kwanza reki, ndipo chai. Yuelan angepanda mgongo wake kati ya vicheko vile, kisha akiwa bado na ute wa mayai wanayorushiwa shingoni aambiwe: haya, mwite Baba. Neno gani safi litatoka kwenye kinywa kilichopitishwa huko?

Mwezi wa mwisho wa mwaka, kila mtu amerudi kutoka mijini, Xue Tiedan alikuja kumtembelea. Tiedan ndiye mchinja nguruwe wetu, na ndiye kiongozi wa mizaha ya harusi. Baba yake ndiye yule mzee wa kwanza kuchorewa ulimi.

"Mzee Laifu! Kiuno vipi? Kipo?"

"Kipo cha kutosha kukukimbia."

"Usikimbie, bwana. Mzigo wenyewe mwepesi. Nimeuona. Mfupi, mnene kidogo, unashikika."

Laifu aliweka kikombe chini. "Tiedan, kaa. Nina sigara, nina pombe, nina mguu mzima wa nguruwe nilioununua kwako mwenyewe. Chukueni vyote. Mpakeni Ruifeng, mfungeni kwenye mti mkipenda, mvueni viatu. Mimi na huyo binti mtuache."

"Ebo! Baba yangu ulimwacha?"

Laifu akamsogezea pakiti ya sigara.

"Unajua alitapika siku ile?" Tiedan alikuwa akicheka, jino la dhahabu likionekana. "Yale mafuta uliyompaka yalimwingia mdomoni. Mpaka leo mzee hali nyama yenye mafuta. Na mimi mwanawe ni mchinjaji! Lakini alicheka. Mbele za watu alicheka. Kwa hiyo na wewe utacheka, mwalimu. Au unataka tukuulize lile swali la Genwang?"

Alipoondoka, kiti alichokalia kilibaki kinanuka damu baridi.

Laifu alimwendea dada yake, Cuiping, aliyekuwa akisimamia mapishi ya harusi.

"Sasa unataka nikusaidie nini, kaka?" Cuiping alikuwa akikanda unga na hakuinua kichwa. "Umewapikia wenzio chakula hiki miaka yote. Leo bakuli limefika kwako ndipo unasikia harufu?"

"Nasikia."

"Chunxiang aliisikia zamani. Wewe ulikuwa unatuchekesha."

Akamwendea mwanawe.

"Baba, ni mzaha tu. Unaisha upesi. Nikiwazuia watasema nimerudi na majivuno ya mjini."

"Na Yuelan?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

Ruifeng alitazama simu yake. "Kwamba watu watacheza kidogo."

Yuelan alikuwa mjini, kwenye nyumba ya wageni, maana bibi harusi wa mbali huchukuliwa kutoka huko. Laifu alimpigia simu. Alikuwa amepanga maneno yake kwa uangalifu, na yote yaliteleza yakamtoka mkononi.

"Yuelan. Kesho, chini ya gauni, vaa suruali nene."

"Kutakuwa na baridi, Mjomba?"

"Ndiyo," alisema. "Kutakuwa na baridi."

Asubuhi vijana walimkamata Laifu jikoni, mkono mmoja ukiwa kwenye kinu cha unga. Hakupigana. Walimkalisha kwenye kigoda katikati ya ua, Tiedan akampanda mapajani kama mtu anayenyoa kondoo. Walianza na dawa ya viatu. Wakaweka sosi ya soya, wakavunja mayai utosini, wakanyunyiza manyoya ya kuku aliyechinjwa asubuhi hiyo, mengine yakiwa bado na ngozi mizizini. Ulimi Tiedan aliuchora mwenyewe, kwa ule wino anaopigia mihuri nguruwe, na vidole vyake vinene vilikuwa vikiingia kwenye mdomo wa Laifu kila alipokosea. Vidole vilikuwa na ladha ya utumbo.

"Tazama, mwalimu! Tazama mwanafunzi wako!"

Wakamwekea simu usoni kama kioo. Laifu alijiona. Ulimi ulikuwa umepinda kushoto, mstari wa chini haukufika kooni. Aliona aibu mara mbili. Ya kwanza ilikuwa aibu ya kupakwa. Ya pili ilikuja kwa haraka, kabla hajaizuia, aibu ya fundi anayeona kazi yake imeharibiwa, na mkono wake ukanyanyuka kidogo kutaka kuinyoosha. Hiyo ya pili ndiyo iliyomchefua. Aliutazama mkono huo kama mtu anavyomtazama panya aliyemtoka mfukoni.

Fataki zikalia, gari likafika. Yuelan alishuka na gauni jekundu, suruali nene ikichungulia chini. Alitabasamu akitafuta watu anaowajua.

"Mjomba yuko wapi?" alimwuliza Ruifeng.

Watu walicheka. Ruifeng akaonyesha kwa kidevu. Yuelan aliutazama ule uso wenye manyoya, akautazama tena, na tabasamu lake likaondoka polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

Hawakumpa nafasi ya kuuliza. Walimnyanyua wakamweka mgongoni kwa mzee, mikono ya wanaume wasiomjua ikishika panapotakiwa na pasipotakiwa, na kila mkono ukichelewa kuondoka. Laifu alihisi ngumi mbili za Yuelan mabegani. Alikuwa amekunja vidole ili viganja visimguse. Kitu hicho kidogo, adabu hiyo, kilimchoma kuliko wino machoni.

"Zunguka, mzee! Zunguka!"

"Mzigo una joto? Piga reki tusikie!"

"Usiku ukipotea njia, utaingia mlango upi?"

"Piga reki! Piga!"

Alipiga reki chini. Kila alipoipiga walipiga kelele. Wanawake aliowachorea makabati yao walikuwa wamesimama juu ya viti na simu zao, midomo wazi, na mate yakimetameta kwenye meno. Yai likapasuka kwenye bega lake, ute ukateremka ndani ya ukosi wa Yuelan, naye akashtuka kama mtu aliyeguswa na konokono.

"Mjomba," alisema sikioni mwake, kwa sauti ndogo sana, "bado mbali?"

"Karibu."

Haikuwa karibu. Tiedan alikuwa amesimama njiani, mikono imetanuliwa.

"Ngoja kwanza! Mama mkwe yuko wapi? Harusi gani hii isiyo na mama mkwe?"

Mtu akasema, "Yumo ndani, ukutani!" na kicheko kikapanda. Wawili wakakimbilia ukumbini. Wakatoka na picha ya Chunxiang, ile picha yenye fremu nyeusi iliyowekewa machungwa na ubani asubuhi hiyo ili naye aione harusi. Wakafunga chupa ya siki kwa uzi mwekundu, wakaining'iniza kwenye fremu, chini kidogo ya kidevu chake. Mmoja aliishika picha mbele ya uso wake, akaanza kuitikisa na kulia kwa sauti nyembamba ya kike: "Mume wanguuu, mshushe huyo! Mgongo huo ni wanguuu!"

Kizibo hakikuwa kimekaza. Siki ilitoka, ikapita juu ya kioo, ikaingia chini yake, na kwenye shavu la Chunxiang likaanza kukua doa la kahawia.

Walicheka wote. Ruifeng pia, mdomo wake ulikuwa umeshaanza kucheka kabla macho hayajaona, na macho yalipoona, mdomo ulibaki wazi vilevile, hauna la kufanya.

Laifu alisimama. Akapiga magoti, taratibu, mpaka miguu ya Yuelan ikagusa chini. Akaweka reki kando. Akaenda kwa yule kijana, akamwondolea picha mikononi, akaifuta kioo kwa mkono wa koti lake, mkono ambao nao ulikuwa mchafu, kwa hiyo akazidi kuichafua.

"Aa, mzee, usikasirike," Tiedan alisema. "Hata marehemu anacheka huko aliko."

"Sikasiriki."

"Basi anywe kidogo tuendelee!"

"Mmesema anywe," Laifu alisema. "Yeye hawezi. Nitamnywea."

Akafungua ile chupa. Ilikuwa siki yetu ile nyeusi, iliyokaa miaka kwenye mitungi, ambayo mtu hutia tone kwenye tambi. Akaweka mdomoni akainua.

"Nywa! Nywa! Nywa!" walipiga makofi. Aliendelea kunywa. Makofi yakapungua. Koo lake lilikuwa linapanda na kushuka chini ya ule ulimi wa wino, na siki ilikuwa ikimtiririka pembeni mwa mdomo, ikichukua dawa ya viatu, ikidondoka nyeusi kifuani. Kufikia nusu ya chupa hakuna aliyepiga kofi. Mwanamke mmoja alisema, "Jamani, mwacheni, ataungua matumbo." Aliinywa yote. Aliigeuza chupa juu chini ili waone.

Kisha akatapika.

Alitapika kwenye zulia jekundu, kwenye viatu vipya vya Tiedan, siki na tambi za asubuhi na wino na unyoya mmoja uliokuwa umemwingia mdomoni. Kilichotoka kilikuwa na harufu ya kila harusi aliyowahi kuhudhuria. Tiedan, mtu anayeosha matumbo ya nguruwe kila siku ya Mungu, aliruka nyuma ameziba pua. Watu walisukumana kuondoka, wakashusha simu zao, wakatema mate pembeni. Walikuwa wamekunja nyuso zao zote, nyuso zile zile.

Laifu aliinua kichwa, machozi yakimtoka kwa ukali wa siki.

"Mbona hamcheki?" aliuliza. "Ni mzaha."

Kilichosikika ni spika ya muziki, ikiimba peke yake.

Yuelan ndiye aliyesogea. Alikuwa amepotelea jikoni na sasa alirudi na beseni la maji, gauni limelowa tumboni, hatua zake fupi. Aliliweka mbele ya mzee.

"Nawa, Mjomba," alisema.

Laifu alilitazama lile beseni muda mrefu kabla ya kutia mikono.

Cuiping aliona ni heri siku imalizike, akawaingiza watu ukumbini. Picha ikarudishwa ukutani na doa lake. Laifu alikalishwa kwenye kiti cha baba, kiti cha mama kikiwa kitupu kando yake. Dawa ya viatu ilikuwa imetoka. Wino wa mihuri ya nguruwe hautoki kwa maji. Alikaa pale, safi usoni, na ulimi mwekundu ukimning'inia kidevuni.

Yuelan alipiga magoti na kikombe.

"Bibi harusi na amwite mzee!" msimamizi wa sherehe alipaza sauti.

Yuelan alifumbua mdomo. Macho yake yalikuwa yamepanda, yakafika kwenye ule ulimi, yakakwama hapo. Laifu aliliona neno likifika kooni kwake na kurudi, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta kitu kimekufa kizingitini. Watu wote waliinama mbele kusikiliza. Hilo ndilo walilokuwa wakilingoja sasa: labda hili nalo litachekesha.

"Usiliseme leo," Laifu alimwambia, kwa sauti ya chini. "Leo limeoza. Liache likae."

Akachukua kikombe mikononi mwake akanywa chai bila kuitwa. Soli za Chunxiang, alizozitia ndani ya koti lake alfajiri, zilibaki humo, na zikaloa siki.

Bila shaka walisema. Kufikia jioni nyumba zote zilikuwa na swali: mbona bibi harusi hakumwita? Laifu alikuwa amekubali na akachafuka, na bado wakahesabu kwamba amekiri. Ruifeng na Yuelan waliondoka mara tu baada ya mwaka mpya. Kituoni Yuelan aliinama kwa heshima, akasema, "Kaa salama," na nafasi ya jina akaiacha tupu.

Aliyekuja kumtazama Laifu ni Genwang, mtu ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti kile tangu siku ya koleo. Alisimama mlangoni na bakuli lake la tambi, akamkagua kidevu.

"Nimekuja kuona kama umefanana na nilivyokuombea."

"Na?"

"Hujafanana. Umepinda." Akavuta tambi kwa kelele. "Wino huo hautoki kwa sabuni, mpumbavu wee. Paka mafuta ya kupikia, uache, ndipo usugue."

"Genwang, lile swali, mimi ndiye niliyeli—"

"Najua. Paka mafuta."

Akamalizia tambi zake palepale mlangoni, akaenda zake. Hakurudi tena, na sidhani kama Laifu alimtarajia.

Kabla ya majira ya kuchipua Tiedan naye alikuja, na viatu vingine. Kulikuwa na harusi upande wa pili wa mto. "Mwalimu, njoo unyooshe ulimi. Wangu unakataa." Alikuwa na nia njema, hilo ndilo baya lake. Laifu alikishusha kisanduku kutoka juu ya kabati mbele yake, akakipeleka chooni, akamimina rangi moja moja ndani ya shimo, nyekundu ya mwisho, na Tiedan akimtazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu akitupa mchele. Harusi ile ilifanyika. Ulimi ulichorwa. Kelele zake zilivuka mto vizuri tu.

Siku ya kusafisha makaburi, ngano ikiwa imefika magotini, Ruifeng na mkewe walikuja. Laifu hakuwa ameambiwa. Walipanda mlima pamoja, wakang'oa magugu, wakapanga mikate ya mvuke na persimoni zilizokaushwa. Ruifeng alichukua muda mrefu kusafisha jiwe, akiwapa mgongo, na hakuna aliyemharakisha. Yuelan alipiga magoti akasema, "Mama, ni Yuelan," kisha akaanza kuzieleza karatasi za kuchomwa, pesa za wafu, kana kwamba Chunxiang angetaka kujua bei yake.

Upepo ulikuwa mkali. Karatasi zilitaka kuruka, naye alizikandamiza kwa goti na viwiko vyote viwili.

"Baba, kiberiti kiko wapi?"

Hakutambua neno alilosema. Alikuwa akipambana na upepo.

Laifu alikuwa na kiberiti mfukoni. Hakukitoa. Aliinama akachukua chupa ya maji ya chai waliyokuja nayo, akafungua, akaanza kumimina kwenye kiganja cha kushoto, kisha cha kulia, akisugua kati ya vidole.

"Haraka basi, zinapeperuka!"

"Ngoja," alisema. "Nanawa."

Alinawa hadi maji yakaisha. Ndipo akampa kiberiti, na baada ya kiberiti akaingiza mkono ndani ya koti akatoa zile soli, ndogo, za kati na kubwa. Bata walikuwa wamegeuka kahawia upande mmoja. Yuelan alizishika akazinusa, akakunja pua.

"Zinanuka siki."

"Ndiyo," alisema Laifu. "Haikutoka."

Yuelan akavua kiatu, akaupima mguu wake palepale kwenye udongo. Za kati.